Bima ya Geraldine

Msimu wa kubadili bima huanza katikati ya Oktoba na kwisha tarehe saba Desemba, na katika wiki hizo mzee wa Corley, Ohio, hawezi kuangalia hata utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni kwa amani. Kila baada ya dakika chache hutokea mwanamume mwenye mvi aliyewahi kuwa nyota wa mpira, ameshika kadi yenye rangi za bendera, anakuuliza kama unajua unachokikosa. Akitoka huyo, huingia bibi mwenye fulana ya mazoezi anayecheka peke yake jikoni. Namba ya simu haibanduki kwenye kioo. Meno, miwani, vifaa vya kusikia, usafiri wa kwenda kwa daktari, vyote bila kulipa zaidi, piga sasa, piga leo, simu ni ya bure. Kwa wiki saba hizo unaweza kudhani hakuna kinachopendwa duniani kama mtu wa miaka sabini.

Geraldine Wojtanek, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa ameamua zamani kwamba mapenzi ya aina hiyo yanahitaji mtafsiri. Alikuwa karani wa shule kabla hajastaafu, na alipostaafu jimbo likamfunza kazi ya kujitolea ya kuwasaidia wazee na mambo ya Medicare, ile bima ya serikali ambayo kila mtu huingia akifika miaka sitini na mitano. Kila Jumanne saa nne asubuhi alikuwa na darasa lake katika chumba cha chini cha kanisa la Mtakatifu Hedwiga. Wanafunzi walikuwa tisa, kahawa ilikuwa nyepesi, na televisheni ilikuwa ya msaada.

Mumewe, Florian, ndiye aliyempeleka kila Jumanne, maana vidole vya Geraldine havikuuamini tena usukani. Yeye hakuingia darasani. Alibaki nje kwenye gari lao la mizigo, redio imewashwa, akimsubiri.

Namna ya Geraldine ya kufundisha ilikuwa yake mwenyewe. Kwanza alizima sauti ya tangazo, akaisimamisha picha pale maandishi madogo yanapopita chini, na kumtaka mtu asome.

"Haya, Opal, soma."

"Nisome nini? Hao ni sisimizi," akasema Opal Sickles, mjane mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani.

"Wasome sisimizi."

Opal akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "'Hatuhusiani na serikali wala na... mpango wowote wa serikali.' Khaa! Na kadi ile je?"

"Kadi ile ni rangi tu. Hata mimi nikinunua rangi nitakupakia."

"Na yule mchezaji? Mimi yule nilimpenda tangu ujana wangu, Geraldine."

"Mpende, shoga. Usimpigie simu, basi."

Baada ya hapo aliwafumbisha macho, akarudisha sauti, na kazi yao ilikuwa kuhesabu neno moja tu: *huenda*. Huenda ukastahili. Huenda ukarudishiwa pesa. Huenda katika eneo lako. Siku hiyo walihesabu kumi na moja katika dakika moja.

"Mwanamume akikuposa kwa huenda kumi na moja," Geraldine akauliza, "utakwenda kushona gauni?"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hakuwa mtu wa chuki. Aliwaambia wazi kwamba mipango hiyo ya makampuni imewafaa wengine, na kwamba anayeingia na aingie macho yakiwa wazi, akijua ni madaktari gani wamo na nani hayumo. Jambo moja tu aliwakataza kwa sauti ya karani wa shule, na alilirudia kila Jumanne hata wakalijua kwa moyo. Wale wenye bima ya wastaafu kutoka kiwandani au kwenye chama cha wafanyakazi, wasiguse simu. Ukijiandikisha kwingine, mfuko wa chama unahesabu umeondoka. Ukiondoka, umeondoka, na mwenzio anatoka nyuma yako.

Barua ilifika Desemba kumi na moja, siku nne baada ya msimu kufungwa. Ilitoka kwenye mfuko wa wastaafu wa chama cha wafanyakazi wa vioo. Ilimshukuru Bwana Florian Wojtanek kwa miaka yake thelathini na mmoja ya kazi, ikamjulisha kwamba, kwa kuwa amejiunga na mpango wa kampuni binafsi, bima yake ya chama itakoma tarehe moja Januari, pamoja na ya mkewe.

Geraldine aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa amekaa.

Lililokuwa hatarini lilijulikana nyumba nzima, yaani na watu wawili na mbwa mmoja. Geraldine alikuwa na baridi yabisi. Kabla ya dawa, hakuweza kufunga kifungo cha gauni wala kushika kijiko cha supu, na Florian alikuwa akimchana nywele, vibaya. Kisha ikaja dawa ya dripu, kila baada ya wiki nane, na vidole vikamrudia, si vyote, lakini vya kutosha. Medicare ililipa sehemu nne katika tano za dawa ile. Ile sehemu ya tano ililipwa na chama, na ilikuwa kubwa kuliko pensheni zao mbili zikiunganishwa. Kutafuta bima nyingine ya kuijaza kulikuwa kujisumbua, kwa maana makampuni yangeuliza kwanza anaumwa nini.

"Florian," akaita. "Ulipiga simu?"

Mzee alikuwa mlangoni anavua viatu vya theluji. "Simu gani?"

"Usiniulize gani. Ile ya televisheni."

Akachukua muda na kiatu cha pili. "Nilijiandikisha mimi tu," akasema. "Wewe sikukugusa. Yako iko palepale."

Mganga hajigangi, watu husema, na husema wakicheka kwa sababu mganga mwenyewe si wao. Geraldine hakulia. Alishika simu, kama alivyowashika mkono wazee wengine mwaka hadi mwaka, akapiga huku na kule kwa siku nne, akisubiri na muziki masikioni. Kutoka kwenye mpango mpya na kurudi kwenye Medicare ya kawaida kulikuwa na njia. Mfuko wa chama ndio uliokuwa mlango wa upande mmoja. Akaomba rekodi ya mazungumzo, kwa kuwa mazungumzo hayo lazima yarekodiwe, naye alikuwa na hakika moja: mumewe alidanganywa. Akilipata neno la uongo, atalipeleka kwenye kamati ya mfuko na mlango utafunguliwa.

Wakaisikiliza pamoja jikoni baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa ya dakika arobaini na sita.

"Halo, mzee wangu, hujambo? Mimi naitwa Kaylin. Mazungumzo haya yanarekodiwa, sawa?" Sauti ya msichana, changamfu, bila haraka. "Kitu gani kimekufanya utupigie leo?"

"Meno," ikasema sauti ya Florian.

"Pole sana. Niambie."

Naye akamwambia. Geraldine aliangalia saa ya ukutani. Alimwambia kwa dakika tisa. Meno ya bandia ya chini hayakai, mwaka wa tatu sasa. Fizi imekuwa kidonda. Mkate anauloweka kwenye kahawa. Nyama anampa mbwa chini ya meza mkewe akigeuka. Bima hii ya Medicare meno haiyajui.

"Na mama anasemaje?"

"Mama hajui. Mama ana maumivu ya kweli, binti yangu. Usiku anajigeuza kwa awamu. Mimi nikamlilie meno?"

"Yuko karibu nimsalimie?"

"Yuko ndani ya kanisa anawafundisha watu wasiwapigie simu nyie. Mimi niko hapa nje kwenye gari."

Kaylin alicheka, na Florian wa kwenye rekodi akacheka pia, kicheko cha ujana ambacho Geraldine hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. Wivu ukamshika, wivu hasa, wa kike, kwa msichana asiyemjua, ambaye alikuwa amefanya jambo jepesi la kuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha watu kusoma sisimizi na kuhesabu huenda. Kwamba katikati ya kelele zote zile kuna mahali mzee anaulizwa anaumwa nini na kungojwa ajibu, hilo hakuwa amelifikiria.

Kisha lilikuja swali lenyewe. Lilikuja wazi, bila kufichwa.

"Mzee, una bima nyingine yoyote, ya kazini kwako zamani, au ya chama?"

Redio ya gari ilisikika kwa mbali.

"Ya chama ipo, lakini ile ni ya mke wangu. Ya dripu zake. Mimi sijaitumia hata siku moja."

"Kwa hiyo wewe kwa jina lako huna?"

"Sidhani."

"Nitajaza huna, basi."

"Jaza."

Florian alikuwa amegeukia dirishani. "Unaona," akasema. "Nilimwambia ukweli."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alisema ukweli kadiri alivyoujua. Msichana yule angeweza kuuliza mara ya pili, na hakuuliza, lakini uongo ambao Geraldine aliungoja haukuwamo. Kwa miaka kumi na mmoja karatasi zote zilipitia mikononi mwake yeye. Bahasha za chama alizifungua yeye, fomu alizijaza yeye, akampa Florian aweke sahihi pale palipowekwa alama huku mpira ukiendelea. Akienda hospitali alisema *bima yangu*. Ikichelewa kulipa, alinung'unika kwamba *bima yangu* inamsumbua. Watu tisa kila Jumanne walifundishwa bima ile ni ya nani. Mtu aliyesimama kiwandani miaka thelathini na mmoja ili ipatikane hakuambiwa.

Akaenda peke yake kwenye ukumbi wa chama, Opal akimpeleka. Mwenyekiti wa kamati ya mfuko, Dewey Hatcher, alikuwa fundi wa tanuru zamani, mtu mnene mwenye moyo mzuri na miwani ya bei rahisi. Alimvutia kiti.

"Karibu, shemeji. Barua yenu naijua. Sijalala vizuri tangu niisaini."

"Hakujua, Dewey. Nimeleta rekodi. Sikiliza mwenyewe, hakujua."

"Kutokujua hakumo humu." Akagonga kitabu cha kanuni. "Kungekuwamo, mwaka jana tungewarudisha wanne. Kilichomo ni hiki hapa: mwanachama ambaye, alipojiondoa, hakuwa na uwezo wa kuelewa analolifanya. Uwezo, shemeji. Daktari aandike, au mwenyewe atamke mbele ya kamati. Na akishatamka imeandikwa. Karatasi zake zote kuanzia siku hiyo zinasainiwa na mtu mwingine. Kura hapigi wala hahesabu. Na Ijumaa inasomwa."

Geraldine alijua maana ya Ijumaa. Kumbukumbu za kila kikao cha kamati husomwa ukumbini kwa sauti Ijumaa jioni, watu wakila samaki wa kukaanga. Ni desturi tangu mgomo mmoja wa zamani, pale viongozi fulani walipopatana na kampuni kwa siri. Tangu hapo chama kiliapa kwamba hakuna neno la kamati litakalofichwa gizani. Watu mia huja, wengine kwa ajili ya samaki tu.

"Florian hana ugonjwa wowote wa akili," akasema.

"Najua sana. Juzi tumecheza karata, kanikamua mpaka nikaomba maji. Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza."

Lazima ieleweke Florian alikuwa nani mbele ya watu hao. Kiwandani hakuwa msimamizi wala mkubwa wa chochote. Alikuwa mkaguzi. Kila kioo kilisimamishwa mbele ya taa na yeye akakitazama, na akisema kina kasoro, kilivunjwa, hata kama mkuu wa zamu hakuona kitu. Mwishowe kasoro ilikuwamo. Kiwanda kilipofungwa, watu walianza kumletea vitu vingine avitazame: gari la kununua, barua ya wakili, mchumba wa binti. Kura za chama alizihesabu yeye kwa miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kuomba zirudiwe.

Geraldine alimkuta mumewe gereji anafunga mpini wa koleo la theluji. Alimwambia yote, pamoja na Ijumaa.

"Yaani nikaseme mimi ni zezeta."

"Ukaseme hukuweza kuelewa."

"Nilielewa, mama. Kila neno la yule binti nililielewa. Nilichokosa ni kuambiwa."

Zamani, shuleni, wazazi walipomjia juu, Geraldine alikuwa na jibu kwa kila mmoja. "Nisamehe," akasema.

Yeye akaendelea na mpini. "Dripu ijayo lini?"

"Tarehe tisa Januari."

Kwa siku mbili hawakuligusa. Geraldine alimwekea miadi kwa daktari wa meno mji wa pili, akampikia viazi vya kuponda, na usiku alivitazama vidole vyake juu ya blanketi. Aliogopa atakataa. Aliogopa vilevile atakubali, na hofu ya pili ilimshangaza kwa ukubwa wake.

Kamati ilikaa Jumatano, watu watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja akiwa na kioo fulani alichovunjiwa na Florian enzi hizo. Mzee alikuja amevaa tai. Dewey alianza kuzungukazunguka, mara hali ya hewa, mara safari, mara "unajua, Florian, sote tunazeeka, mambo haya ya simu ni magumu kwa kila mtu."

"Dewey," akasema Florian, "uliza kama ilivyoandikwa. Usinipakie asali."

Dewey akashusha miwani, akasoma. "Ulipojiondoa kwenye mfuko, je, ulikuwa na uwezo wa kuelewa ulilokuwa ukilifanya?"

"Sikuwa nao."

Katibu, mama mmoja makini, aliinua kalamu. "Na sasa je? Maana kuna sehemu ya kujaza hapa."

Florian alimtazama kwa utulivu kabisa. "Na sasa sina."

Geraldine alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani. Alitaka kusimama aseme huyu ni mtu mwenye akili kuliko nyote humu, na mimi ndiye niliyemficha mali yake kwa miaka kumi na mmoja bila hata kukusudia. Sentensi ilikuwa tayari, imenyooka. Akaumeza ukweli huo kwa sababu ya tarehe tisa Januari, na alijua wakati uleule kwamba ndiyo sababu. Mikono mitano ikainuka. Walirudishwa wote wawili.

Ijumaa ikasomwa, kati ya taarifa ya paa linalovuja na shukrani kwa waliokaanga samaki. Vijiko vilisimama kwa muda, kisha vikaendelea. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa nafuu wangecheka. Norbert, jirani yao wa miaka yote, akaja na chupa, akainama kwenye sikio la Florian.

"FLORIAN! UNATAKA SIKI KWENYE SAMAKI?"

"Nataka," akasema Florian. "Asante."

Tiketi za bahati nasibu, ambazo kila Ijumaa huhesabiwa na Florian, alipewa Norbert. Norbert alizikosea mara mbili mbele ya watu, akaanza upya, na Florian alikaa mikono imekunjwa akiangalia ukutani.

Kesho yake asubuhi Geraldine alitandaza karatasi kwenye meza ya jikoni. Alikuwa amezipanga tangu alfajiri: kanuni za mfuko, kadi zote mbili, fomu mpya ya kurejeshwa iliyotaka sahihi. Alikuwa ameamua kufanya lile alilopaswa kulifanya miaka kumi na mmoja iliyopita, na alikuwa na furaha kidogo, furaha ya mwalimu aliyempata mwanafunzi wake.

"Njoo ukae hapa, mzee wangu, nikuonyeshe. Hii ndiyo ya chama. Jina la juu ni lako, unaona? Langu liko chini, kwa sababu yako. Nitakueleza yote, hata tukimaliza siku nzima."

Florian alikuja na kikombe chake, akasimama nyuma ya kiti. Hakukaa.

"Weka sahihi, mama," akasema.

"Nitaweka. Nataka kwanza uelewe."

"Siwezi kuelewa. Imesomwa mbele ya watu mia."

Hakuna hasira iliyokuwamo. Alilisema kama mtu anayekuambia duka limefungwa. Akaisogeza kalamu upande wa mkewe, akapita kwenda kumfungulia mbwa mlango. Geraldine alingoja asikie akicheka huko nje. Alingoja mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaishika kalamu kwa vidole vilivyokunjika vizuri asubuhi ile, akatafuta mstari wa mwanachama, na pale palipokuwa pa Florian akaandika jina lake mwenyewe.